Samaki Aliyetolewa Mifupa

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi nilifungua mlango wa nyuma nikaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka chini ya tangi la maji, mahali ambapo mbwa wetu alikuwa amekojoa usiku. Niliwamwagia maji. Kesho yake walikuwa wamerudi, wengi zaidi, na wengine walikuwa wamezunguka kila mahali alipoinua mguu. Nilichuchumaa nikawatazama mpaka mke wangu akachoka kuniita kwa chai.

"Baba, sasa kazi yako ni kuchunga sisimizi?"

"Njoo uone."

Alikuja na kikombe mkononi, akatazama. "Nani amemwaga sukari hapa?"

Hakuna aliyekuwa amemwaga sukari. Kwa majuma kadhaa mbwa yule alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe. Alikuwa anakula chakula chake chote na bado mbavu zinaonekana. Mimi niliishia darasa la saba, lakini tangu ujana nilikuwa na tabia ya kununua vitabu vikuukuu pale stendi ya mabasi na kuvisoma mpaka mwisho, hata vile nisivyovielewa vizuri. Katika kimoja cha mambo ya afya nilikuwa nimesoma kwamba zamani madaktari walitambua kisukari kwa kuangalia kama mkojo unavuta wadudu. Kitabu kilizungumzia watu. Hakikusema lolote kuhusu mbwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mbwa mwenyewe alikuwa ametimiza kama miaka kumi. Aliletwa na mama yake mke wangu, mwaka ule wezi walipotuibia redio na mablanketi. Mama mkwe alisafiri kutoka Asembo Bay akiwa na kikapu cha samaki magotini, na ndani ya kikapu, juu ya majani, kulikuwa na mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia mwenye kifua cheupe. Hakuingia ndani ya nyumba yangu, maana kwetu mama mkwe hajizoeshi nyumbani kwa mkwe. Alikunywa chai kivulini uani, akamwambia binti yake, "Huyu mpe chakula mwenyewe, kwa mkono wako. Ndiyo atajua ni wewe analinda." Jioni ile ile akarudi kwake.

Daktari wa mifugo alikuwa mtu wa ng'ombe. Nilipomweleza habari za sisimizi alicheka, kisha akaacha kucheka, akachovya kikaratasi cha kupimia kwenye mkojo niliomletea katika chupa.

"Bwana, hii ni kisukari kweli," alisema. "Kusema ukweli, kwa mbwa sijawahi kutibu. Nimeisoma tu chuoni."

"Inatibika?"

"Haiponi. Anadungwa insulini kila siku mpaka afe. Watu wengi wangemlaza tu, akapumzika."

Nilijua maana ya kulazwa huko: kuuawa kwa sindano. Niliuliza kipimo cha insulini kwa uzito wa mbwa, na jinsi ya kuchemsha bomba la kioo na sindano. Alinieleza vizuri, bila haraka. La mwisho alilisisitiza kwa kidole: sindano na chakula havitengani. Akidungwa asile, sukari yote mwilini inaisha, anaanguka.

Nilitarajia mke wangu angekataa. Alisema tu, "Mama akija aulize mbwa wake, nitamwambia nini?" Basi, tukaanza.

Hatukuwa na friji. Niliweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati nikajaza mchanga, na kila asubuhi nikaumwagia maji. Chupa ya insulini ilikaa humo, chini ya meza ya jikoni, imefunikwa kwa kitambaa kibichi. Kwa chakula, mke wangu alikwenda Obunga, mtaa wa hapa Kisumu, kununua mgongo wazi, yale mafupa ya samaki aina ya mbuta yanayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa. Kati ya mbavu na nyuma ya kichwa hubaki nyama nzuri kwa mtu mwenye subira. Mwanzoni tulimpa mbwa na mifupa yake. Lakini kabla ya mwaka kwisha macho yake yalianza kuwa na ukungu, na punde yakawa meupe kabisa, na akawa akikwamwa na mifupa asiyoiona. Tangu hapo mke wangu alichemsha samaki, akaketi kwenye kigoda, akatoa kila mfupa kwa vidole, akachanganya nyama na sukuma wiki na ugali kidogo. Alikuwa akifanya kazi hiyo kimya, kama mtu anayepembua mchele.

Njia yetu ya kumdunga tuliibuni wenyewe. Akishashiba, mbwa alikuwa anaondoka kwenda kulala nyuma ya tangi, na kumtoa huko ilikuwa vita. Lakini chakula kikiwa kwenye sufuria, bado cha moto, kimewekwa karibu na ukuta kipoe, alisimama tuli akinusa ule mvuke. Hapo ndipo tulipomdunga. Tulivuta ngozi ya shingoni, tukaingiza sindano, naye hakugeuza hata kichwa. Tukiosha mikono na kuweka bomba mahali pake, chakula kilikuwa kimepoa, na mke wangu akamwekea. Njia hiyo haikutuangusha siku hata moja. Mwanzoni nilidunga mimi. Baadaye niliona mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, nikamwachia.

Watu walisema. Wifi yake, mke wa kaka yake wa huko Asembo, alikuja kututembelea akakuta mke wangu ameshika sindano.

"Uuwi! Nyar Asembo, binti wa Asembo, mbwa anapewa dawa ya hospitali? Sisi huko nyumbani hata Panadol tunaomba jirani."

"Wewe ukiugua nitakudunga pia."

"Nikiugua nitakuja hapa nilale nyuma ya tangi. Naona huko ndiko wodi ya kwanza."

Walicheka wote wawili. Hata mimi nilicheka. Lakini kuna mambo mengine yaliyosemwa ambayo hayakuwa mzaha, kwamba kuna watu Kisumu wanaokufa kwa kukosa dawa hiyo hiyo. Nilijua ni kweli.

Mbwa alinenepa tena kidogo. Hakuona, lakini alijua uani kote kwa pua. Alijua hatua za mke wangu tangu akiwa nje ya lango.

Kisha mama mkwe akafa. Alipata kiharusi akaletwa hospitali mjini, na hakumaliza juma. Kwa kawaida matanga yangefanyika kwake tu, lakini mwili ulikuwa katika mochari ya Kisumu na katika ukoo wao hakuna mwingine aliyekuwa na nyumba hapa. Kwa hiyo watu walikuja kwetu. Walikuja wa Asembo, wakaja wa Sondu alikoolewa dada mdogo wa marehemu, wakaja wa kanisani. Uani kulijaa viti vya kukodi na mikeka. Jikoni alitawala wifi. Mke wangu, kama binti wa marehemu, alitakiwa kuketi tu na kupokea waombolezaji. Hakulia. Wanawake walilisema hilo chinichini, nami nililisikia.

Katika msukosuko wote huo alishika jambo moja tu la nyumbani. Kila asubuhi aliamka kabla ya wageni, akampikia mbwa, akamdunga, akamlisha, ndipo akaenda kuketi kwenye mkeka.

Siku ya mwisho kabla ya kusafirisha mwili, niliondoka mapema na shemeji, mume wa wifi, kwenda kwa maseremala kulipia jeneza. Yaliyotokea nyuma yangu nimeyapata kwa mke wangu mwenyewe, na kwa wifi, na hayapingani.

Alitoa mifupa yote. Aliweka sufuria karibu na ukuta. Mbwa akasimama, akadungwa. Mke wangu akaingia ndani kuhifadhi bomba na kunawa mikono. Wakati huo huo aliingia langoni mzee mmoja, binamu ya marehemu, aliyekuwa amekuja na lori la samaki lililotoka Asembo Bay usiku. Alikuwa ameketi juu ya barafu, na njaa ilikuwa inamuuma. Hakuwa na jino hata moja.

"Nipeni kitu laini," alisema. "Hii mandazi yenu ni mawe."

Wifi alitazama jikoni. Sufuria zote za jana zilikuwa zimesuguliwa. Karibu na ukuta akaona sufuria safi, imefunikwa nusu, ina samaki aliyetolewa mifupa, na sukuma, na ugali. Alidhani mke wangu amemwekea mgonjwa fulani, au mtoto. Hangeweza kudhani vingine. Kwao, na kwetu, mbwa hula makombo baada ya watu wote kushiba. Nani duniani anaketi kumtolea mbwa mifupa ya samaki? Akamfukuza mbwa aliyekuwa akinusa pale, akapakua chakula kwenye sahani, akamnawisha mzee mikono, akamwekea mbele yake.

Mke wangu alipotoka, mzee alikuwa ameshabariki chakula na amekula nusu. Watu walikuwa wamemzunguka wakimpa pole ya safari.

Angesema nini? Kwamba mjomba wake, aliyekuja juu ya barafu kumzika dada yake, amepewa chakula cha mbwa? Neno kama hilo halisahauliki katika ukoo. Lingekuwa la wajukuu. Mzee angeondoka siku ile ile, na wifi angebeba aibu hiyo mpaka kaburini.

Alirudi jikoni kutafuta chochote; mandazi yote yalikuwa yamegawiwa wageni. Kopo la sukari lilikuwa tupu, imeisha kwa chai ya usiku. Maziwa hayakuwa yameletwa. Akajifunga leso aende kibandani mwenyewe, na papo hapo kilio kikasikika barabarani. Kundi jingine la Sondu lilikuwa limefika, wanawake wanaingia wakipiga mayowe na mikono vichwani.

"Wapi unaenda?" wifi alimshika mkono. "Mtoto wa marehemu anapita katikati ya kilio aende dukani? Keti!"

"Niache kidogo tu."

"Keti, mama. Watu wako wamefika."

Wakamkalisha. Wale wa Sondu wakamwangukia mabegani, mmoja baada ya mwingine. Baada yao akasimama mhubiri, na maombi yakawa marefu. Kutoka pale mkekani hakuweza kuona nyuma ya tangi.

Nilifika adhuhuri. Aliniona langoni, akasema kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote, "Mbwa amedungwa. Hajala." Waliosikia hawakuelewa. Mimi nilielewa kabla hajamaliza.

Alikuwa nyuma ya tangi, ubavuni, miguu ikicheza kama anayeogelea. Nilikimbia kibandani nikanunua sukari, nikaikoroga na maji kidogo, nikampaka kwenye fizi na chini ya ulimi kwa kidole, tena na tena. Miguu ilitulia. Nilidhani anarudi. Nilimwita, nikapiga sufuria kwa kijiko, sauti aliyokuwa akiifuata hata akiwa usingizini. Sikio moja lilisogea, kisha basi. Alikuwa anapumua, lakini hakuwapo. Jioni, watu wakiwa wanaimba, aliacha kupumua mkono wangu ukiwa kifuani pake.

Nilichimba pale pale. Shemeji alinikuta na jembe.

"Jamani, hapa kuna matanga ngapi?" aliuliza. Hakuwa na ubaya. Aliuona uso wangu, akalichukua jembe akamalizia yeye.

Nilikwenda mkekani nikamwinamia mke wangu, nikamwambia. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka yote ya ndoa yetu, akajitupa chini, leso ikamtoka kichwani. Wanawake wakamzunguka, wakamshika, wakashukuru Mungu. "Mwacheni alie. Sasa amekubali. Mama yake amemfikia." Wifi alikuwa amemkumbatia kuliko wote.

Miezi mingi baadaye aliniambia bila mimi kuuliza, "Siku ile nilimlilia mbwa. Mama nilimlilia baadaye, peke yangu." Wifi hatujamwambia mpaka leo. Kama atasoma haya, ajue hakuna aliyewahi kumhesabia kosa.

Tulimzika mama mkwe Asembo, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya mikonge. Baada ya mazishi watu walianza kuaga. Yule mzee alikuja taratibu na fimbo yake mpaka tulipoketi. Nilimwona mke wangu akikaza mikono mapajani.

"Nyathina," alimwita, yaani mtoto wangu, "nilikuwa nakutafuta. Ile samaki ya kwako Kisumu. Tangu meno yangu iishe, watoto wangu wananipikia samaki na mifupa, wananiambia nitafute polepole. Wewe ulikaa chini ukatoa mfupa yote. Yote! Nilitafuta hata moja sikupata. Nikasema, huyu dada yangu alizaa mtu."

"Asante, Baba," alisema mke wangu.

"Ulijuaje nakuja?"

Mzee hakungoja jibu. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua kwa shida, akamwekea kitu kiganjani na kumfumba vidole. Mke wangu alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama inavyotakiwa.

Alikaa na ngumi imefungwa hadi mzee alipotoweka njiani. Kisha akaifungua anionyeshe. Ilikuwa shilingi hamsini.