Kanda Aliyorudi Nayo Chacha

Mwanangu, iko siku moja nyumbani kwetu Nyarero ambayo naikumbuka vizuri mpaka leo. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nipo tu namsaidia mama shambani. Kaka yangu Chacha alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu, na tangu arudi hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia anaitikia, basi. Alirudi na redio kaseti na kanda moja ya Wazungu, muziki wa roki, akawa anaipiga kila siku, mwanzo mpaka mwisho.

Usidhani ni roki ya kucheza. Wimbo mmoja ulijaza karibu upande mzima wa kanda. Kinanda kinatulia, gitaa linapanda, mara filimbi, mara ngoma zinabadili mwendo. Ukitaka kufuatisha kwa mguu unapotea. Baba alichoka.

"Mura, zima hizo kelele," alimwambia Chacha, maana kwetu kijana huitwa mura. "Jumatatu urudi machimboni. Kijana mzima hawezi kushinda na redio."

Nami nikadakia, "Hata mimi niliyesoma Kiingereza nasikia fujo tu."

Chacha akanitazama. "Umewahi kuisikiliza ikaisha?"

Sikuwahi. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake. Baba akabaki amesimama mlangoni.

Kumbe zile nyimbo zilikuwa hadithi moja. Mwanzoni mtu yuko kwenye ukungu, anamwita mwenzake: uko wapi? Sauti ya pili inajibu: niko hapa. Kisha filimbi inapita, fupi, kama mluzi. Nyimbo zikaunganika, kanda ikageuzwa, na karibu na mwisho maneno yaleyale yakarudi: uko wapi? Safari hii hakuna aliyejibu. Pale pa jibu pameachwa wazi, ngoma tu zinakwenda polepole. Na filimbi haikuja.

Nikamuuliza, "Kaka, mbona mwishoni hajibiwi?"

Chacha alizima redio mwenyewe. "Shimo lilituporomokea mimi na Mwita," akasema. "Mimi nilitoka. Nikawa namwita. Mwanzoni alikuwa anaitikia."

Akalia. Tulijua rafiki yake amefariki. Hatukujua kwamba alimsikia akinyamaza. Baba aliingia, akaketi chini sakafuni, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumwona akifanya. Habari ya Jumatatu haikutajwa tena.

Wiki hiyohiyo baba alimpeleka Chacha Sirari, kule mpakani, kwa mama yake Mwita. Yule mama alikuwa ameambiwa tu kwamba mwanawe amefia shimoni. Alimwomba Chacha amweleze yote, halafu akamwomba arudie pale Mwita alipokuwa anaitikia. Akasema, "Basi hakuwa peke yake."

Chacha hakurudi machimboni. Alipata kazi ya kupakia magari palepale mpakani, akaoa, akazaa. Mkimya bado, lakini usingizi anapata.

Sasa nisikilize. Mtu wako akiwa anarudia jambo moja kila siku, wimbo, safari au jina, usiwahi kusema ni fujo. Kaa naye mpaka liishe. Sikiliza kilichobadilika na kilichokosekana, halafu muulize hicho kimoja tu. Asipojibu leo, kaa naye na kesho.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe umri mrefu, na nyumba ambayo watu wake wanaulizana hali na kungoja jibu.