Mnaotaka kumwekea mbwa sakafu uani, someni kwanza yaliyonikuta Rhotia

Wakuu, wenye umri wangu nawasalimu kwa heshima zote, nyie wengine mambo vipi.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Asiyeamini aende kwenye uzi wa mpira, sitamfuata.

Juzi kuna jamaa humu kauliza aweke nini uani kwake. Ana mbwa wawili, mvua ikinyesha matope yanaingia mpaka sebuleni, jua likiwaka ni vumbi tupu. Swali zuri kabisa.

Majibu sasa!

Mmoja anasema weka tiles mkuu, unapiga deki tu maisha yanaendelea. Mwingine anasema nunua fake grass, inatoka vizuri kwenye picha. Wa tatu kaweka picha ya uwanja wake, zege kutoka ukuta mpaka ukuta, na mbwa kajibanza kwenye kivuli cha ndoo. Kivuli cha ndoo, jamani! Halafu watu wanampa like.

Khaa! Hivi kuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwangalia mbwa anavyotembea?

Lakini ngoja nisiwaseme sana, maana mimi nilikuwa mjinga kuliko nyie wote mkichanganywa pamoja.

Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mhudumu wa mezani kwenye hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Hoteli yenyewe siitaji, haina kosa. Koti jeupe, viatu vyeusi vya kupewa na kazi, "good morning sir" kibao. Kijana wa Kiiraqw kutoka Rhotia, nimeshika sahani za Wazungu, nani aniambie kitu?

Nilikuwa na kichwa kimevimba, acha tu.

Nyumbani Rhotia, huko chini upande wa Karatu, alibaki mama peke yake. Baba alishatangulia mbele za haki, dada zangu walishaolewa. Mama alikuwa na shamba lake la mahindi na maharage, linateremka kutoka mbele ya nyumba mpaka karibu na msitu.

Na msituni kuna nyani.

Kama hujawahi kulima jirani na nyani shukuru Mungu. Wanakuja mchana kweupe, kundi zima, na wanajua kabisa mama mjane anakimbia kwa kasi gani. Hindi anauma mara moja anatupa, anachuma lingine. Nusu saa tu, ekari nzima inakuwa kama imepita vita.

Mlinzi wa mama alikuwa mbwa mmoja anaitwa Meja. Wa kienyeji tu, rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Alikuwa analala mbele ya nyumba pale ambapo shamba lote linaonekana. Nyani wa kwanza akitoka msituni, Meja anateremka moja kwa moja kama kaitwa. Miaka minne mama hakupoteza mahindi ya maana.

Kwa hiyo elewa vizuri, wakuu. Yule hakuwa mbwa wa kupiga naye picha. Miguu ya Meja ndiyo ilikuwa chakula cha mama yangu cha mwaka mzima.

Sasa mbele ya nyumba palikuwa na udongo wetu mwekundu. Kiangazi vumbi, masika matope yanayokuvua kiatu. Nikirudi likizo na viatu vyangu vya hoteli nasikia aibu. Naona kabisa kwamba nyumba ya mtu kama mimi haiwezi kuwa na uwanja kama ule.

Na kule hotelini kulikuwa na baraza la nje, limesakafiwa kwa simenti, likapigwa niru nyekundu, ule uji laini wa simenti wa kumalizia juu, likang'arishwa kwa nta mpaka unaona sura yako. Meneja alikuwa na jibwa lake nene, linalala pale kutwa nzima, limenyoosha miguu minne, raha mustarehe.

Mimi nikaangalia lile jibwa nikasema moyoni: hivi ndivyo mbwa wanavyoishi kwa watu waliostaarabika.

Hapa msome taratibu, maana ujinga wote uko hapa.

Kule ukingoni ni baridi. Asubuhi ukungu, mchana ukungu, ukiliona jua unalisalimia. Lile jibwa lilipenda ile sakafu kwa sababu ilikuwa inashika kijoto kidogo kuliko majani yenye umande. Kutoka pale mpaka kwa mama ni mwendo wa gari usiofika hata saa moja, lakini unateremka, na ukiteremka unaikuta Januari ya Karatu, jua linalokausha kanga kabla hujamaliza kuanika.

Nimezaliwa pale. Najua baridi ya kule na jua la huku. Na bado sikufikiri.

Simenti wakati ule ilikuwa ya kibali. Nilifuatilia ofisi hadi ofisi karibu miezi mitatu. Mama aliposikia imepatikana akafurahi, akafikiri natengeneza birika la kunyweshea ng'ombe. Nikamwambia birika litasubiri.

Januari, nikiwa likizo, nikamchukua fundi Eliasi, Mchaga mmoja mtu mzima aliyekuwa na kibanda chake Karatu mjini. Akapima, akasikiliza, akakuna kichwa.

"Bwana mdogo, niru ni ya ndani. Huku nje nikuwekee sakafu ya kukwaruza, tena kipande kidogo tu mlangoni. Mvua ikinyesha hapa mtaanguka."

Mnajua nilimjibu nini?

"Mzee, wewe umewahi kufanya kazi hoteli gani?"

Eliasi akachukua mwiko wake. Akapiga niru kutoka mlangoni mpaka kwenye ua wa michongoma, nyekundu, laini. Majirani wakaja kutazama. Mimi nimesimama katikati na viatu vyangu, mikono nyuma, utadhani nazindua daraja.

Meja alifika ukingoni, akanusa, akageuka. Akaenda kulala nyuma ya jiko kwenye majivu.

Nikakasirika! Yaani nimehangaika na vibali, halafu mbwa anadharau? Nikamfunga mnyororo katikati ya sakafu ili azoee. Saa nne asubuhi hiyo, nami nikaingia ndani kunywa uji na kupiga soga na wageni.

Nilipotoka mchana alikuwa anainua miguu kwa zamu, huu juu, huu chini, bila kubweka. Mama ndiye aliyemfungua. Hakuniomba ruhusa. Akamgeuza nyayo, zimetoka malengelenge, ngozi inabanduka.

Akasema, kwa Kiiraqw, nawatafsiria: "Vua hivyo viatu usimame hapa."

Mama mwenyewe alikuwa peku, amesimama nje ya sakafu, kwenye udongo.

Nikacheka. Nikamwambia mama, nyayo za mbwa ni ngumu, atazoea, akiona joto mwagia sakafu maji. Kesho yake nikapanda gari kurudi kazini.

Na mama, kwa kuwa ni mama, akaimwagia maji. Februari nzima. Alikuwa anachota mtoni, anapandisha na ndoo kichwani, anamwagilia simenti ya mwanae kama mtu anayemwagilia mchicha. Niliyajua haya baadaye kwa jirani, maana yeye hakuniambia neno. Nikikumbuka hapo nasikia vibaya mpaka leo.

Aprili hoteli ikakosa wageni, tukapewa likizo. Nikafika Rhotia masika yamekolea.

Ile niru yangu, wakuu, ilikuwa imeota utando wa kijani. Mkojo wa mbuzi na wa mbwa wa majirani haunywewi na simenti, unakaa pale pale, mvua inausambaza tu, na harufu inakupokea getini. Kwenye udongo ule ule ambao mimi niliuonea aibu, ungekuwa umeshazama zamani.

Meja nyayo zilishapona. Lakini alikuwa hakanyagi pale. Amehamia nyuma ya jiko, na shamba halioni tena, anasubiri mama amwite. Akiitwa anazunguka sakafu yote kupitia kwenye michongoma ndipo ateremke. Mahindi yalikuwa yameshaanza kubeba, na mistari ya upande wa msitu ilikuwa imeshaliwa.

Asubuhi ya siku ya tatu, manyunyu yanadondoka, mama akapiga ukelele kutoka shambani: "Meja! Meja!"

Nikatoka mlangoni. Naona nyani kama kumi na kitu katikati ya mahindi, mama anarusha mabonge ya udongo, dume moja kubwa halimwogopi hata kidogo, linamtazama tu huku linatafuna.

Meja akatokea nyuma ya jiko, mbio. Akafika ukingoni mwa sakafu, akasita, akaanza kuzunguka kama kawaida yake.

Mimi nikaona anachelewa. Na niseme ukweli wote, niliona pia ananiaibisha.

Nikapiga kelele: "Meja! Pita hapa! Hapa hapa!"

Akanitazama.

Akapita.

Alikuja kwa nguvu zake zote kwa sababu nimemwita. Katikati ya niru miguu ya nyuma ikaachana, mmoja huku mwingine kule, nikasikia kitu kimelia kwenye nyonga, akaserereka mpaka miguuni kwangu. Alijaribu kuinuka mara tatu, na bado alikuwa anaangalia shambani.

Mama aliwafukuza nyani peke yake kwa kupiga debe. Akapanda, akamkuta mbwa wake pale chini na mimi nimesimama. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Akachana kanga, akatafuta vijiti, akamfunga mguu kama wanavyofungwa mbuzi, akambeba mpaka kwenye majivu yake. Halafu akachukua debe lake akarudi shambani.

Na huko ndiko alikoshinda kila siku, mvua na jua, mpaka mahindi yakakomaa. Mwanamke wa umri ule.

Mimi zamu yangu shambani niliikaa hadi likizo ikaisha. Lakini kabla ya hapo kuna siku moja jua lilipasua mawingu, kwenye saa saba mchana. Nikavua viatu. Nikasimama katikati ya uwanja wangu wa kisasa.

Sikufika kumi nikihesabu.

Jioni ile ile nikaazima sululu. Nilivunja siku nne, viganja vikachubuka. Fundi Eliasi akapita na baiskeli, akasimama.

"Bwana mdogo, hii ndiyo wanafanya hotelini?"

Nilistahili. Akashuka akanisaidia kuvunja, mpaka leo namheshimu.

Mama ndiye aliyeelekeza cha kuweka, na wala hakuwahi kuona hoteli. Kwanza tulichimba uwanja uelekee bonde, maji yasitulie. Tukashindilia moramu nyekundu, ule udongo wa changarawe wa kuchimba hapo hapo, maji yanapita katikati, mguu haukwami wala hautelezi. Pembeni tukapandikiza ukoka, jua likiwaka ukoka unabaki baridi. Chini ya mti mahali pa kulala mbwa, mabua ya ngano yanayobadilishwa yakilowa, na majivu ya jiko kwa ajili ya viroboto. Vipande vya simenti vikaenda kuziba korongo la mvua.

Vyote hivyo vilikuwepo Rhotia tangu sijazaliwa. Mimi nilikuwa naviruka kwenda kufuatilia kibali.

Sasa nyie wa tiles na fake grass. Hiyo plastiki yenu ikipigwa na jua la mchana inaunguza kuliko niru yangu, na mkojo ukikaa humo chini masika mtahama nyinyi mumwachie mbwa nyumba. Ukitaka kumpendezesha jirani, mpendezeshe na geti. Chini mwachie mwenye kutembea peku.

Jamaa uliyeuliza, mimi sikupangii. Saa saba mchana toka hapo nje, vua viatu, usimame juu ya hicho unachotaka kununua. Hesabu. Halafu kimwagie maji, ukimbie juu yake peku. Urudi hapa utuambie umefika ngapi, na wengine nao mlioweka zege mtuambie, msijifiche.

Najua mtauliza Meja aliishia wapi. Alipona, akawa anachechemea. Msimu uliofuata alirudi kulala mbele ya nyumba, juu ya moramu, anaangalia shamba.

Lakini kila nilipokuja likizo nikasimama katikati ya uwanja nikamwita, alikuwa ananitazama kwanza. Halafu anakuja, anachechemea, kwa kuzunguka kule kwenye michongoma, anafuata ukingo wa sakafu ambayo haipo tena. Mama akimwita alikuwa anapita katikati.