Pilipili ya Zuhura na maji ya kuoshea mchele

Wakuu, salaam. Naandika yaliyonifika mimi mwenyewe, bila chumvi. Ingawa chumvi ndiyo kisa chenyewe.

Miaka ya tisini tulikaa Mjambere, Kisauni. Uani hapakuwa na udongo wa maana, jiwe tupu. Nikakusanya madebe matatu ya mafuta ya kupikia, nikayatoboa chini, nikatia mchanga na samadi ya mbuzi. Kila mtoto debe lake, kila debe mche mmoja wa pilipili.

Mimi ni mtu wa vipimo. Niliagiza kila debe kopo moja asubuhi, moja jioni, maji ya kisima. Maji matamu ya mkokoteni yalikuwa ya kunywa na kupikia. Marufuku kuyagusa.

Ukaja ukame. Kisima kikazidi chumvi, nami nikazidisha makopo, nikidhani ni kiu.

Majani yakababuka kingo. Madebe mawili yakafa.

La Zuhura, kitinda mimba wangu wa miaka sita, likatoa maua.

Nikamwita.

"Abee, baba."

"Unaiba maji ya kunywa?"

Sikungoja jibu. Nikamchapa viganja, nikalihamishia debe juu ya ukuta asipofika.

Mamake akatoka jikoni na sufuria mkononi.

"Baba Zuhura, mtoto anamwagia maji niliyooshea mchele. Au na hayo ya kumwaga uyaandikie kibali?"

Wallahi niliona haya. Debe nikalishusha. Lakini radhi sikumwomba. Wakati ule baba hakumwomba mtoto radhi, au mimi ndiye sikujua.

Zuhura sasa yuko Muscat, ana wanawe. Mamake ametangulia mbele ya haki. Mchele naosha mwenyewe, kikombe kimoja, na maji yake nayapeleka kwenye debe.

Ijumaa iliyopita tulipigiana video. Mwanawe alikuwa kibarazani akimwagia pilipili kwa bakuli, maji meupe.

Zuhura akamwambia, "Msalimie babu. Yeye ndiye aliyenifunza."

"Shikamoo, babu!"

Nikaitikia marahaba. Zuhura sikumsahihisha.

Nilichojifunza: maji yenu yaonjeni kabla hayajafika kwenye mche. Na mche wa mtoto ukishika, muulizeni kwanza anafanyaje.

Enyi wenye watoto ng'ambo, nisaidieni: radhi ya miaka yote hii inaombwaje kwa simu?