Bote za Janvier na Etiketi Nyeupe

Usicheke. Kitu hiki nilikiona na macho yangu, hapa Mubi, muchana kweupe, watu wamejaa mu ajansi. Na si pombe inasema, miye sinywi. Ukitaka kuniita muongo, ngoja kwanza nimalize.

Kazi yangu ni kupokea koli za watu. Unaleta muzigo, naandika mu ordinatere, ile kompyuta yetu, jina lako na jina la mwenye kuupokea, emprimante, mashine ya kuchapa, inatoa etiketi, nabandika, kamyo inabeba. Ile emprimante haina wino hata tone. Watu hawaamini, lakini njo vile: karatasi yake iko na dawa upande mumoja, na kichwa cha mashine, tunakiita tete, kinapata moto. Pale moto unagusa, karatasi inakuwa nyeusi. Ukivalisha rulo ya karatasi kinyume, etiketi inatoka nyeupe. Kwa hiyo tunaparuza kwanza na ukucha: ukiona alama nyeusi, upande ni huo. Na usiweke rulo karibu na makala ya moto, itageuka nyeusi yote. Shika hilo la moto, nitalirudilia.

Siku ile ilikuwa ya soko. Nimetoka tu kupangusa simenti, naona kijana amesimama mbele yangu, matope mpaka kifuani.

"Kaka! Matope yote haya unaniletea miye?"

Aliweka juu ya meza bote za mupira, vile viatu virefu vya kuvaa mu matope, bado nzuri kabisa, zimefungwa pamoja na kamba ya rangi ya bulu.

"Dada, peleka kwetu Ngungu, kwa Mama Janvier. Janvier njo miye. Mudogo wangu Faustin anatoka Jumapili kunifuata mu shimo la kuchimba madini. Akiona bote zangu zimerudi, atabaki. Zifike kabla ya Jumapili, nakuomba."

"Si umupigie tu?"

"Telefone yangu imebaki chini."

Sikuuliza chini wapi. Nani angeuliza, na watu wote wale mu mustari? Niliandika, nikatoa etiketi. Jina la mama yake na Ngungu vilitoka vyeusi, safi. Pa jina la mwenye kutuma, nyeupe. Si kijivu kama tete ikiwa chafu. Nyeupe! Nikapangusa tete na pamba na alkoli, nikaparuza rulo na ukucha, upande ni ule ule. Nikatoa tena: nyeupe. Mama mumoja aliyekuwa nyuma yake alikuwa anatuma mafuta ya ngazi, yale ya mawese, nikatoa yake, ikatoka kamili. Nikarudilia ya Janvier, nyeupe. Rulo ile ile, niamini! Nikachukua biki niandike na mukono, biki ikateleza kama juu ya mafuta.

"Acha, dada," alisema. "Bandika tu vile. Mama atajua."

Shofere wetu akakataa kabisa. "Koli haina mwenyewe! Wakikuta bangi ndani, nani anafungwa? Si miye?"

Huruma ilinishika. Yule kijana alikuwa ananiangalia kama mutoto mwenye njaa. Nikamwambia shofere: "Basi, kama kuna shida, useme ni miye nimetuma." Akabeba. Nikageuka nimwambie Janvier imeenda, hayuko. Matope yalikuwa pale tu aliposimama. Kutoka pale mpaka mulango, simenti ilikuwa kavu, safi vile niliiacha. Nilikaa chini.

Jumapili ilipokwisha kupita, Mama Janvier akapiga ku ajansi, analia. Koli ilifika imelowa mvua, akaiweka karibu na moto ikauke. Etiketi ikageuka nyeusi yote, isipokuwa mustari mumoja: JANVIER, nyeupe, kama moto umekataa kumugusa. Faustin alikuwa tayari na sakoshi mugongoni, akaitupa chini. Siku ile ile habari zikafika: shimo lilimuangukia Janvier kabla ya siku ya soko. Kabla, unasikia? Wakati anasimama kwangu alikuwa tayari chini.

"Aksanti, mwanangu," mama aliniambia. "Umeniokolea mumoja."

Nilifurahi, sikufichi. Nilitoa hata ushuhuda kanisani, watu wakapiga makofi. Ee Mungu wangu, makofi yale!

Mvua ilipita, ikarudi. Muchana mumoja nainua macho, kijana amesimama mbele yangu, matope mpaka kifuani. Juu ya meza, bote. Kamba ya bulu.

"Dada, peleka kwetu Ngungu."

"Weye ni nani?" Nilikuwa tayari najua.

"Faustin."

"Faustin! Si ulibaki?"

"Nilibaki. Lakini bote zilikuwa nzima, dada. Mama alizisafisha, akaziweka mulangoni. Kila asubuhi natoka kwenda shamba na miguu mitupu, naziona pale, mpaka siku moja nikazivaa. Muntu anatupa bote nzima namna gani?"

Niliandika jina lake. Ikatoka nyeupe. Sikupangusa tete, sikuparuza rulo. Nililia tu, mbele ya watu wote.

"Yuko bado Eric, mudogo wetu," alisema. "Miguu yake imefika kipimo cha hizi."

Nilipopangusa macho, hayuko, matope tu njo yalibaki.

Bote hazikwenda vile alizileta. Nilichukua kisu cha kufungulia makarto, nikazikata: soli peke yake, miguu ya bote vipande vipande, mpaka mukono ukatoka malengelenge. Mustari ulikuwa murefu, watu wananiita mwenda wazimu. Nikatia vipande mu karto, nikabandika ile etiketi nyeupe, nikatuma. Mama Janvier hajanipigia mpaka leo. Kila shofere anayetoka njia ya Ngungu namuuliza habari za Eric. Wananiambia yuko, analima viazi na miguu mitupu. Nashukuru, lakini usingizi wangu haujarudi. Etiketi ikitoka, naangalia jina kabla ya kuangalia sura ya muntu.

Kwa hiyo weye uliye mbele ya mashine hizi, ikikutolea nyeupe, usigombane nayo. Inua macho, uangalie nani amesimama pale. Na kama kwenu mumerudishiwa kitu cha muntu aliyekufia shimoni, hata kiwe kizima, hata kiwe kizuri namna gani, usikisafishe. Kikate.