Nani Alipanda Mti Ule

Tawi lilipokatika Omondi hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Alikuja nalo chini, likanigonga nyonga na kunilaza, na nilipogeuza kichwa nilimwona kando ya mizizi, macho wazi, mdomo umejaa udongo. Daktari Kimotho, mkuu wetu wa utafiti, alisimama hapo akijipangusa shati. Askari wa msitu alikuja mbio akauliza huyu ni nani. Daktari akajibu, "Sijui. Labda alikuwa anatafuta kuni."

Nilisikia kwa masikio yangu. Omondi alikuwa amefanya kazi chini ya mtu huyo miaka minne.

Nyinyi vijana mnapiga ua picha kwa simu, simu inawaambia jina. Hamjui kazi hii ilivyokuwa, kwa hivyo niwaeleze. Mimi niliachia shule darasa la sita, nikatoka Nyanza kuja kuolewa hapa Nairobi, nikaishia kufua nguo za watu kule Nyayo Highrise. Mama mmoja niliyemfulia alinikuta nachuma osuga, ile mboga ya mnavu, kando ya ukuta. "Unajuaje si sumu?" akauliza. Nikamwambia naila tangu niote meno. Kumbe alikuwa karani kwenye mradi wa kuhesabu mimea ya porini. Wiki iliyofuata nilikuwa msituni nimevaa gambuti za kuazima.

Siku hiyo ya kwanza Daktari Kimotho alininyooshea majani kumi, moja moja. Saba niliyataja kwa Kijaluo. Matatu nikasema siyajui.

"Nakuchukua kwa sababu ya hayo matatu," akasema. "Wengi wasipojua hubuni."

Nitasema ukweli ingawa unaniuma: siku hiyo nilimheshimu sana mzee huyo.

Kazi ilikuwa hivi. Tunanyoosha kamba msituni, tunatembea nayo, tunaandika kila kilichoota kulia na kushoto. Tusichokijua tunakikata kitawi kiende kutambuliwa ofisini. Lakini kitawi lazima kiwe na ua au tunda. Majani matupu hayapokelewi, maana mimea mingi hufanana majani kama watoto wa baba mmoja, ni ua linaloitofautisha. Kitawi kinalazwa kati ya magazeti, kinabanwa kwa mbao mbili na mikanda, na hiyo ndiyo presi. Magazeti yakilowa unabadilisha kila siku, la sivyo ukungu unaingia. Mimi nilikuwa mama wa presi. Nimeibeba Kakamega kwenye mvua, nimeibeba Taita, nimeibeba vinamasi vya ziwa letu mbu wakininyonya, na hakuna kitawi changu kilichowahi kuoza.

Kila kitawi kikishakauka huwekwa kabatini ghalani, kimebandikwa kikaratasi: mmea gani, ulitoka wapi, ulikuwa juu kiasi gani, nani alikusanya. Aliyekusanya alikuwa mmoja siku zote, Kimotho. Sisi wengine tuliandikwa "na wenzake". Nilimuuliza Bwana Wekesa, msimamizi wetu wa uwandani, kwa nini. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mama Achieng, jina lako unataka lifanye nini huko kabatini? Liote?"

Nami nikacheka. Leo najuta kicheko hicho.

Omondi alitoka mtaa wa Mashimoni, alikuwa akibeba mitungi ya maji kabla Wekesa hajamwona akipanda mlingoti wa stima. Maua ya juu mitini yalikuwa yake kuchuma. "Sasa mathe," ananiambia kila asubuhi, "leo nikuletee nini kutoka ghorofani?"

Siku yenyewe tulikuwa msitu huu wa karibu, wa kutembea tu kutoka mtaa wa Olympic. Daktari aliona kwa darubini mtambaazi wenye maua meupe, juu kabisa. Omondi akaomba kamba ya kujifunga. Wekesa akasema kamba imeenda na kikundi kingine, na tukingoja kesho mvua italipukutisha ua lote.

Nilitazama lile tawi alilotaka kukanyaga. Lilionekana bichi, limejaa majani, lakini majani hayakuwa ya mti. Yalikuwa ya mtambaazi wenyewe. Mtambaazi hufunika tawi lililokufa likaonekana lina afya, ndiyo maana mpandaji hukwaruza gome kwa ukucha kwanza. Kukiwa kijani ndani, kanyaga. Kukiwa kahawia, rudi.

"Daktari," nikasema, "lile tawi limevaa majani ya wenyewe."

"Mama Achieng, kazi yako ni magazeti." Akainua darubini. "Ni bichi, Omondi. Endelea!"

Omondi alinikonyeza. "Tulia mathe, daktari ameona na mashine." Hakukwaruza.

Nililala hospitalini wiki sita. Wekesa aliandikisha polisi kwamba kijana hakuwa kazini. Ofisi ikamwambia mama yake hakuna karatasi yoyote yenye jina la Omondi. Hapo hawakudanganya. Hakuna.

Mimi nilirudi kwa mkongojo nikaambiwa nafasi yangu imefungwa. Nikaomba kuchukua kikombe changu ghalani. Nikafungua kabati la vitawi. Tarehe ile, msitu ule, kitawi chenye maua meupe. Waliokibana walikunja gazeti vibaya, ukungu umekula pembe. Na kikaratasi, kwa mkono wa Wekesa: "Kimekusanywa mita kumi na nane juu ya ardhi. Kimotho na wenzake." Yaani mimi nimelala pale, Omondi amelala pale, na wao wakaokota ua.

Sasa naishi Kawangware, chumba kimoja kwenye ploti ya watu, nyonga ikinitangazia mvua. Nauza mboga za kienyeji na bado nazijua zote. Sijutii kujifunza kazi ile. Mama Omondi bado yuko Mashimoni, na majirani humwambia mwanawe alikufa akiiba kuni za serikali.

Daktari Kimotho, nasikia umestaafu na ukakatiwa keki. Wewe ngazi za ofisi zilikuwa zinakutoa pumzi. Wekesa alikuwa anaogopa hata stuli. Mita kumi na nane, nani alipanda? Chukueni kitawi hicho mkilete Mashimoni, mkae mbele ya yule mama, mumjibu kwa mdomo wenu.