Papa Alivyoingia Kwenye Mtihani Wangu

Nilimdanganya Papa, baba yangu mgonjwa kule Bukavu, kwamba nimemaliza shahada ya kompyuta ninayosomea mtandaoni hapa Brussels. Nilitaka tu afurahi.

Juzi, kwenye kituo cha treni cha Porte de Namur, nilitaka kumtumia mwanafunzi mwenzangu kiungo cha mtihani wetu wa mdomo. Mimi, mtaalamu wa kompyuta, nikakituma kwenye kundi la familia! Papa akadhani ni mahafali.

Saa ya mtihani, nilipofungua kompyuta, nilimwona amevaa suti, majirani wamemzunguka.

“Mutoto wangu, tunakuona!”

Kabla sijajibu, mwalimu akaingia, akasema kwa Kifaransa, “Bon, hii ni mara ya tatu unarudia mwaka wa kwanza. Tuanze?”

Papa alifundisha Kifaransa maisha yake yote. Akawaomba majirani watoke.