Wino Wangu Juu ya Penseli Yake

Wanafunzi walinipachika jina la Mama Penseli, na kwa miaka mingi nililipenda. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika sekondari moja ya kawaida. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, na mpaka leo ukifunga dirisha inanuka mipira ya zamani. Ina viti viwili vya plastiki, meza yenye mguu mmoja mfupi ambao nimeuwekea kitabu cha hesabu, kabati la chuma lenye kufuli, na boksi la tishu ambalo wenzangu wanalicheka. "Leo wamelia wangapi?" mwalimu wa fizikia ananiuliza kila saa ya chai. Namwambia bado yeye tu.

Kazi yenyewe watu hawaijui. Wanadhani ni kukaa na kumwambia kila mtu pole. Asubuhi moja naweza kuanza na mtoto aliyefiwa na mama yake, anaogopa kurudi darasani kwa sababu wenzake watamkodolea macho. Akitoka yeye anaingia baba mtu anayetaka bintiye awe daktari, na binti mwenyewe akiona damu anaanguka. Hapo hapo mwalimu wa nidhamu ananisukumia wachelewaji watatu, "hebu wanyooshe hawa," kana kwamba mimi ni pasi. Sina fimbo na sitaki fimbo. Ninayoambiwa humo nayafungia kabatini, na ufunguo nauvaa shingoni. Kwa hilo nilikuwa mwaminifu, na nalisema sasa hivi kwa sababu mbele huko hutanisikia nikijisifu.

Sehemu ya kazi iliyonipa jina ni fomu za kuchagua vyuo. Kila mwaka kidato cha nne wanajaza fomu yenye mistari miwili: chaguo la kwanza na la pili. Fomu ni moja kwa kila mwanafunzi, ukiiharibu hupewi nyingine. Kwa hiyo nilibuni utaratibu wangu. Nawagawia penseli, wanajaza machaguo kwa penseli, wanaweka saini kwa wino, halafu mimi nakaa na fomu zote, nazikagua, nayapitishia machaguo yao wino na kufuta penseli. Saini ya wino juu ya maneno ya penseli. Ukiisikia hivi unaona wazi kuwa ni ujinga, lakini mkuu wa shule aliniita mbunifu, na mimi nikavimba kichwa.

Mwaka huo kulikuwa na msichana tuliyemwita Fundi. Baba yake anatengeneza mafriji, na binti alikuwa mkononi mwa baba tangu anatambaa. Feni ya ofisi yangu ilipokufa aliifungua kwa ncha ya mkasi, akapuliza vumbi, akaifunga, ikazunguka. Darasani alikuwa wa tatu. Alijaza fomu yake pale mbele yangu bila kusita: mstari wa kwanza, chuo cha ufundi, majokofu na viyoyozi.

"Na wa pili?" nikamuuliza.

"Wa pili wa nini, Mwalimu? Mimi nataka huo tu."

"Jaza, mwanangu. Hauachwi wazi."

Akaandika ufamasia, kunifurahisha tu, akaweka saini yake na kuondoka akipiga mluzi.

Sasa sikia nilivyofanya. Pale koridoni tuna ubao unaoonyesha wangapi wameweka vyuo vya afya mstari wa kwanza, na mkuu wa shule alikuwa amewaahidi wazazi kwamba mwaka huo watafika wanane. Mimi nilikuwa na saba. Nilikaa na fomu ya Fundi mchana kutwa, naiweka chini, naishika tena. Nikajiambia, msichana mwenye akili kama huyu akalale chini ya friji na mafuta mkononi? Nikajiambia atakuja kunishukuru. Nikashika kalamu, nikaandika ufamasia juu na ufundi chini, nikafuta penseli, nikapuliza vile vipande vya ufutio. Nilikuwa nimeridhika, nikaenda kunywa chai.

Matokeo yalipotoka, Fundi alipungukiwa alama moja kuingia ufamasia. Na chuo cha ufundi hakimgusi mtu aliyekiweka mstari wa pili, maana wanaokitaka kwa moyo wote wanatosha kukijaza. Akakosa kote kuwili. Wenzake waliokuwa wananakili kazi zake za fizikia walipata.

Alikuja ofisini siku ile ile. Hakukaa kwenye kiti, alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, akalia mpaka karani wa upande wa pili akaacha kuchapa.

"Nilipanga vibaya mistari, Mwalimu. Kwenye matokeo ufamasia uko juu, ufundi chini. Sijui nilikuwa nawaza nini. Baba amesema kama nimeshindwa hata kujaza fomu, basi niende kwa shangazi nikamsaidie dukani, masomo yaishie hapo."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Sentensi moja tu ilitosha. Nami, niliyesomea kazi hii, ninayewafundisha watoto kusema ukweli hata ukiwa mchungu, nilimvutia boksi la tishu. Nikamwambia kila mtu hukosea. Nikamwambia ajifunze kujisamehe. Hata nilimpa zoezi: avute pumzi, aseme moyoni, "Nilikosea, lakini mimi si kosa langu." Akalisema. Akalirudia mara tatu, kwa sauti, machozi yanamdondoka, mimi nikimhesabia pumzi. Alipoondoka alinishukuru.

Nimewahi kuona aibu maishani. Niliwahi kuanguka na sinia la chai mbele ya wakwe, niliwahi kuhutubia mkutano wa wazazi zipu ikiwa wazi. Hizo ni aibu za kuchekwa, zinaisha. Hii haikuisha. Nyumbani mume wangu aliniuliza nina nini, nikamjibu kichwa kinauma. Dada yangu alipiga simu, nikamwambia niko bize. Nilikuwa nimejilaza kitandani na viatu.

Baada ya matokeo, ofisi ya udahili ilitoa siku saba za marekebisho. Masharti yalikuwa mafupi: kosa likiwa la shule, mkuu wa shule na mshauri waandike barua, mwanafunzi anarudishwa kwenye chaguo lake. Kosa likiwa la mwanafunzi, asubiri mwaka unaofuata. Nilijua masharti hayo kwa moyo, mimi ndiye niliyeyabandika ukutani kwenye chumba cha walimu. Siku ya kwanza nilijiambia kesho. Ya pili nilijiambia nimtafutie kwanza nafasi kwenye chuo kingine, nipoze mambo bila kuchafuka. Ya tatu na ya nne nilijitia shughuli nyingi. Nilipanga upya kabati zima.

Siku ya tano Fundi aligonga. Alikuwa amevaa sare yake iliyopigwa pasi ingawa shule kwao ilishaisha.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeandika barua ya kuomba wanifikirie. Naomba unikagulie lugha. Nisije nikakosea tena."

Nikaichukua. Iliandikwa kwa wino, mwandiko wa mtu aliyenakili mara nyingi. "Mimi, kwa uzembe wangu mwenyewe, nilibadilisha mpangilio wa machaguo yangu. Shule haihusiki kwa namna yoyote, na mwalimu wangu mshauri alinielekeza vizuri."

"Mbona hivi?" nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Sitaki wakusumbue, Mwalimu. Wewe ndiye pekee hujanigombeza."

Barua hiyo ingemzika. Yeye hakujua, mimi nilijua. Na bado, jamani, kalamu yangu nyekundu ilikuwa mkononi, na nilikuwa nimeshaweka mkato baada ya neno "mwenyewe." Niliuona ule mkato wangu. Wake ulikuwepo pale tayari, wangu haukuhitajika. Nikamwambia aniachie, nitaimalizia.

Sikuimalizia. Nilitoka na ile barua mpaka kwa mkuu wa shule, nikafunga mlango, nikasema yote, pamoja na ubao wake wa wanane. Akauliza, "Fomu nyingine je?" Nikamwambia hiyo tu. Akasema, "Nitakuaminije?" Tulikaa na nakala za fomu zote mpaka jioni, mwanafunzi mmoja mmoja akipigiwa simu na kuulizwa alichagua nini, na kila simu ilikuwa inanivua nguo. Ilikuwa hiyo moja tu kweli. Barua ikaandikwa, mhuri ukapigwa, na siku ya sita niliipeleka ofisi ya udahili mwenyewe, kwa mkono wangu. Nami nikapewa ya kwangu, ya onyo, iko kwenye faili langu.

Kutoka huko nilikwenda kwenye karakana ya baba yake. Ni chumba kimoja kilichojaa milango ya mafriji imeegemezwa ukutani. Baba alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji, Fundi amemshikia bomba la shaba. Fundi alipokiona kivuli changu alifuta mkono mmoja haraka na kunivutia stuli. Nilikataa kukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, maneno machache, maana niliogopa nikiongeza nitaanza kujitetea.

Baba aliinuka polepole. "Kwa hiyo mimi nimemtukana mwanangu siku sita kwa kosa lako?"

"Ndiyo, mzee wangu."

Akamgeukia bintiye, halafu akaenda nje. Tulimsikia akifungua bomba la maji, akiliacha limwagike tu.

Fundi alikuwa bado ameshika lile bomba la shaba. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Siku ile niliyolia ofisini," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia nijisamehe."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nalisema lile zoezi kila asubuhi, Mwalimu."

Akarudi nyuma ya friji, akapiga magoti pale alipokuwa baba yake, akaendelea na kazi. Nikaondoka.

Alipata chuo chake. Nilisikia kutoka kwa karani, si kwake. Alipokuja kuchukua cheti tulikutana koridoni, akaniamkia vizuri, kwa heshima zote, akapita. Sikuthubutu kumwita.

Bado niko kwenye ile stoo. Mkuu wa shule aliniacha kazini, na kuna siku nadhani ingekuwa nafuu kama angeniondoa. Watoto wanaingia, wanalia, nawasikiliza, na nikikaribia kusema neno lile la kujisamehe ulimi unagoma. Penseli nimezigawa kwa shule ya msingi ya jirani. Fomu siku hizi wanajaza wenyewe kwa wino mbele ya walimu wawili, na jina la Mama Penseli limebaki tu, wadogo hawajui limetoka wapi.

Mwaka huu mdogo wake Fundi amefika kidato cha nne. Siku ya fomu aliingia wa kwanza, kabla sijagawa kalamu, fomu aliyokwisha kuichukua kwa karani akiwa ameishika kwa mikono miwili. Ilikuwa imeshajazwa yote, na chini ya kila mstari amepiga rula kwa wino ili pasiongezwe neno.

"Shikamoo, Mwalimu. Dada anakusalimia sana," akasema. "Amesema nijazie nyumbani, nikuletee tu ugonge mhuri."

Nikagonga mhuri.